Kampeni za Ng'ambo na Kampeni za Kwetu Boko

Msafiri atokaye mjini Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo hupita Mwenge, Lugalo, Mbezi na Tegeta. Kisha huuona mlima wa Wazo upande wake wa kushoto, na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Akisha kuupita mlima huo, yapata kilomita 25 kutoka katikati ya mji, amefika Boko. Zamani hapa palikuwa mashamba ya minazi na mikorosho ya wazee wa Kizaramo. Leo ni nyumba kwa nyumba: Basihaya, Magengeni, Dovya, na vichochoro visivyo na majina, vyenye magenge ya nyanya na vijiwe vya bodaboda.

Boko haina ngome wala makumbusho. Wageni huipita tu, wakienda kuyatazama magofu ya Bagamoyo. Lakini liko jambo moja ambalo Boko hulipata sawasawa na miji mikubwa, nalo ni kampeni. Kila baada ya miaka mitano wakubwa hutuijia. Mimi ni mwana wa hapo, nami tangu mwaka 2023 nasoma ng'ambo, katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti. Nimekwisha kuziona kampeni za huko na za kwetu, na wasomaji wapenzi, nadhani si vibaya niwasimulie niliyoyaona, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Kampeni zijapo Boko

Msimu wa kampeni kwetu huwezi kuukosa hata ukiwa kiziwi, maana ardhi yenyewe hutetemeka. Hutangulia gari lenye vipaza sauti. Nyuma yake huja pikipiki ishirini au thelathini, zenye bendera, vijana wakipiga honi bila kupumzika. Halafu huja muziki. Siku hizi mgombea asiye na mwimbaji mashuhuri hana mkutano. Watu hucheza singeli mpaka vumbi likawaficha, na akina mama hupewa kanga, vijana fulana, wazee kofia. Hatimaye mgombea hupanda jukwaani, akaahidi, akashuka, akaondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana sheria ndiyo iliyoweka saa hiyo kuwa mwisho wa kunadi.

Na ahadi zenyewe twazijua kwa moyo kama tuijuavyo hesabu ya mbili mara mbili. Ya kwanza ni maji. Bomba kubwa litokalo mtambo wa Ruvu Chini huja mjini kwa upande huu wetu, lakini mama yangu amenunua maji ya boza na ya madumu kwa miaka mingi kuliko nilivyo na umri wa kukumbuka. Ya pili ni mifereji, kwa sababu masika yakikaza Basihaya hugeuka ziwa, watu wakavua viatu kwenda kazini. Ya tatu ni mgogoro wa ardhi wa Chasimba, baina ya wakazi na kiwanda cha saruji, ambao umefika mahakamani na kwa mawaziri, na bado ni mtaji wa kila aombaye kura.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba watu wa Boko ni wa kuburutwa kwa kanga. Boko imo katika jimbo la Kawe, na jimbo hilo limewahi kuamua mambo yake. Mwaka 2010 na 2015 lilimchagua Halima Mdee wa Chadema. Mwaka 2020 akatangazwa Josephat Gwajima wa CCM. Mama yangu ana kanga za rangi zote za vyama. Nilimwuliza siku moja, "Mama, sasa wewe ni wa chama gani?" Akanijibu, "Mwanangu, kanga ni ya kuvaa. Kura ni ya kwangu."

Mlango unapogongwa Edinburgh

Tarehe 22 Mei 2024, Waziri Mkuu wa Uingereza, Rishi Sunak, alisimama nje ya nyumba yake mjini London, mvua ikimnyeshea bila mwavuli, akatangaza kwamba uchaguzi mkuu utafanyika tarehe 4 Julai. Yaani wiki sita tu. Sisi kwetu kampeni huchukua miezi miwili. Nikajiambia: sasa nitaona ngoma za Wazungu.

Wiki ya kwanza ikapita kimya. Wiki ya pili kimya. Hakuna gari la matangazo wala bendera barabarani. Karatasi chache tu zilibandikwa katika madirisha ya nyumba. Katika redio na televisheni hakuna tangazo hata moja la kulipiwa la chama, kwa sababu sheria yao yakataza. Kila chama kikubwa hupewa dakika zake chache bure. Kadhalika kila mgombea hupewa haki ya kupeleka barua moja kwa wapiga kura bila kulipa ada ya posta. Kiasi cha fedha awezacho kutumia nacho kimewekewa mpaka. Basi kampeni yao nilikuja kuikuta si uwanjani bali mlangoni.

Jioni moja mlango wetu uligongwa. Alikuwa bibi wa makamo, amevaa koti la mvua, ana orodha ya majina mkononi. Alinitaja kwa jina langu, akalivunja vibaya lakini kwa adabu, akaniuliza mambo gani yananihusu zaidi. Nikamwambia kodi ya nyumba. Akaandika. Nikamkaribisha chai, kama ilivyo desturi yetu, akashukuru akasema ana milango mingine arobaini kabla ya giza. Na Julai huko giza huingia saa nne usiku. Nilibaki nimeshangaa. Katika maisha yangu yote ya Boko hakuna mtu wa chama chochote aliyepata kuniuliza, mimi peke yangu, ninataka nini.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye kanisa moja la mtaani, ambako wagombea wote wa jimbo waliitwa kuulizwa maswali. Jambo hili ni la kawaida huko: makanisa mengi huwaita wagombea wa vyama vyote, bila kumpigia debe yeyote. Walikaa meza moja. Watu waliandika maswali yao katika vikaratasi, na mzee mmoja alishika kengele. Dakika zikiisha, kengele ikalia, hata kama mtu yu katikati ya neno. Palikuwa na chai na biskuti baada ya mkutano, wala si kabla. Muziki haukuwapo. Nakiri nilisinzia kidogo katika swali la kodi za halmashauri. Lakini nilitoka pale nikijua kila mmoja anasema nini juu ya jambo lile lile, kwa sababu niliwasikia saa moja, mahali pamoja.

Pasi ya Tanzania katika kituo cha Waingereza

Sasa nieleze jambo lililonigusa kuliko yote. Sheria ya Uingereza humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, akaaye huko kihalali, kujiandikisha na kupiga kura. Tanzania ni nchi ya Jumuiya hiyo. Kwa hiyo mimi, mwana wa Boko, nilikuwa na haki ya kuchagua mbunge wa Edinburgh.

Nilikwenda asubuhi. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hata saa nne usiku. Nje palikuwa na mbwa wawili waliofungwa kamba wakiwangoja wenyewe. Hapakuwa na askari mwenye bunduki. Wapiga kura hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola yakubaliwa. Nikatoa pasi yangu yenye nembo ya bibi na bwana, na mwenge katikati. Karani akaitazama, akalitafuta jina langu, akanipa karatasi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kwetu twaweka alama ya vema. Wao huweka msalaba, ile alama ambayo mwalimu wetu wa shule ya msingi aliitumia kutuonyesha kosa. Mkono wangu ulisita. Nilipotoka niliutazama mkono. Haukuwa na wino. Kazi yote ilikuwa dakika tano.

Lakini njiani kurudi nyumbani furaha iliniponyoka. Katika nchi ya wageni, pasi yangu ya Tanzania imenipa kura. Katika nchi yangu mwenyewe, pasi hiyo hiyo haitanipa kura nikiwa ng'ambo, kwa sababu sheria yetu haijaweka utaratibu wa raia walio nje kupiga kura. Majirani zetu Wakenya wameanza: mwaka 2013 waliwapa kura ya rais raia wao waliokuwa katika nchi za Afrika Mashariki, na mwaka 2022 wakaongeza nchi nyingine, Uingereza ikiwamo. Mwenzangu mmoja Mkenya alisafiri kwenda London mwaka huo kwa ajili hiyo tu. Mimi nilimsikiliza kama yatima anayesikiliza habari za mama wa mwenzake.

Aliyeshindwa akasimama

Usiku wa tarehe 4 Julai hatukulala. Kura zao huhesabiwa kwa mikono, jimbo kwa jimbo, na wagombea wote husimama jukwaani pamoja wakati matokeo yanaposomwa. Katika jimbo la Sunak mwenyewe, jukwaani alisimama mtu mmoja mwenye mzaha, ajiitaye Count Binface, amevaa kichwani kitu kama pipa la takataka. Waziri Mkuu wa nchi na mtu wa pipa, bega kwa bega! Nilicheka mpaka nikakohoa; kisha nikaacha kucheka nikafikiri. Mbele ya sanduku la kura, cheo cha mtu ni mgombea tu.

Alfajiri Sunak akakiri kwamba chama chake kimeshindwa, akampongeza Keir Starmer. Siku ile ile, jioni haijafika, mmoja alikwisha ondoka katika nyumba ya Waziri Mkuu na mwingine amekwisha ingia. Mitaani maduka yalikuwa wazi. Watu walikwenda kazini wakiulaumu mvua.

Je, basi Ulaya ni peponi? Hasha. Katika uchaguzi huo watu sita tu katika kila kumi walioandikishwa ndio waliopiga kura. Chama kilichoshinda kilipata kura kama 34 katika kila 100, lakini kikachukua karibu theluthi mbili za viti 650 vya Bunge. Wengi huko hunung'unika juu ya hesabu hiyo. Wala damu haikukosa kumwagika. Mwaka 2016 mbunge Jo Cox aliuawa jimboni kwake, na mwaka 2021 mbunge David Amess aliuawa ndani ya kanisa alimokuwa akiwasikiliza watu wake. Na ule utulivu wa mitaani wakati mwingine si amani bali ni ubaridi: yule bibi mwenye koti aliniambia kwamba milango mingi haifunguliwi kabisa.

Tena Waingereza hawakuzaliwa wakiwa wema. Kura ya siri waliipata mwaka 1872. Kabla ya hapo mwenye shamba alijua mpangaji wake amemchagua nani, na wagombea waliwanywesha watu pombe wazi wazi. Mwaka 1883 ndipo walipotunga sheria kali ya kuweka mpaka wa gharama na kuadhibu wanaolisha na kunywesha wapiga kura. Na sisi je? Mwaka 2000 sheria yetu iliruhusu takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Njia ni ile ile. Wao wametangulia kuianza. Tofauti ni kwamba sheria ya kwao huogopwa, na ya kwetu hukaa kabatini wakati kanga zikigawiwa.

Oktoba ya mwaka 2025

Mwezi Agosti 2025 nilikuwa nyumbani likizoni. Kampeni zilifunguliwa tarehe 28, na CCM walizindua zao jimboni kwetu, katika viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe, penye kiwanda cha nyama kilichokufa zamani. Muziki ulikuwapo, na umati pia. Lakini Chadema haikuwamo katika uchaguzi ule: mwezi Aprili Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeiondoa kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa gerezani akikabiliwa na kesi ya uhaini. Boko niliikuta na sauti mbili: ya vipaza sauti, iliyokuwa kubwa, na ya vijiweni, iliyoshuka kila mgeni alipokaribia. Nilirudi masomoni moyo wangu ukiwa mzito.

Tarehe 29 Oktoba ikawa siku ya kura, na ikawa siku ya machafuko. Intaneti ilizimwa nchi nzima. Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu walikufa, idadi yao imebishaniwa tangu siku ile. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, akaapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba, na baadaye akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia kipimo kilichokubaliwa.

Hayo msomaji ameyasikia. Ninaloweza kuongeza ni hali ya mtu aliye mbali. Kwa siku kadhaa sikujua kama mama yu hai. Nilikuwa nikiitazama simu usiku kucha, kama mvuvi anayetazama ndoana mahali pasipo samaki. Nchi niliyopigia kura kwa dakika tano ilikuwa kimya nje ya dirisha langu, na nchi yangu ilikuwa kimya katika simu, na vimya hivyo viwili havikufanana hata kidogo. Siku simu iliposhika mama akasema neno moja tu kwanza: "Tupo." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tuliyokuwa nayo tangu zamani

Wako watakaosema kwamba mijadala ya wagombea na adabu ya kushindwa ni mambo ya Kizungu, sisi tuna yetu. Mimi najibu: kweli tuna yetu, nayo ndiyo hiyo hiyo.

Mwalimu Julius Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Katika miaka ile Waingereza walifanya uchaguzi mkuu mara mbili, Februari 1950 na Oktoba 1951, na huku Tanganyika ilikuwa haijamchagua kwa kura hata mjumbe mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria. Kura ya kwanza ilikuja 1958 na 1959, yenye masharti ya kisomo, kipato au cheo, na kila mpiga kura akalazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mkulima wa minazi wa Boko asiyekuwa na kimojawapo cha hivyo alitazama tu.

Halafu ukaja uchaguzi wa Septemba 1965. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na kwa urais hapakuwa na wa kushindana naye. Hilo lilikuwa pungufu, nalo lisifichwe. Lakini kwa ubunge, TANU ilisimamisha watu wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Nao walitakiwa kusafiri pamoja, kupanda jukwaa moja, kusema Kiswahili, na kutotaja kabila, rangi wala dini. Watu wakauliza, wagombea wakajibu. Wala haukuwa mchezo: hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa, na nchi haikuanguka. Wakongwe wa Boko bado wamo wanaokumbuka jembe na nyumba.

Ndipo nionapo kwamba lile lililonishangaza katika kanisa la Edinburgh, babu zetu walikwisha lifanya chini ya mwembe. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 tulipata uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua, jambo jema, lakini tuliliacha jukwaa moja. Tangu hapo kila chama kina jukwaa lake, spika zake na mwimbaji wake, na mpiga kura husikia nusu ya habari leo na nusu nyingine Jumamosi, ikiwa chama hicho cha pili kimepata kibali, au kimo kabisa katika orodha.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, na mwingine ni 2029. Uchaguzi mkuu ni 2030. Miaka hiyo si mingi. Haihitaji fedha ya wafadhili kuweka meza moja katika uwanja wa shule ya Boko, viti vya wagombea wote, kengele moja, na mzee mwenye heshima wa kuishika. Aulizwe kila mmoja: bomba lapita kwetu, maji yatatufikia mwaka gani? Mfereji wa Basihaya utaanzia wapi, uishie wapi? Wakishindwa, watasimama pamoja matokeo yasomwe? Na sisi tulio mbali tupewe karatasi yetu katika balozi zetu, maana tuliondoka kwenda kusoma, hatukuondoka katika taifa.

Muziki nao ubaki. Boko bila ngoma haitakuwa Boko, na Waingereza kwa kweli wanautaka kidogo. Ila ngoma ipigwe baada ya maswali, kama ile chai ya Edinburgh iliyokuja baada ya kengele. Na mama yangu apewe kanga ukipenda, ataivaa. Lakini kwanza aulizwe anataka nini, kisha kura yake ihesabiwe jinsi alivyoipiga.